Girijamma na Kibao cha Mawimbi

Girijamma Channabasappa Kammar, binti wa Channabasappa aliyetengeneza redio za kijiji kizima bila kukanyaga shule, mjukuu wa Ningappa aliyefua majembe yaliyolima nusu ya Dharwad. Yeye mwenyewe alilehemu vibao vya umeme mjini Bengaluru kwa miaka thelathini na minne, na hakuna hata kimoja kilichorudi kwa kosa la mkono wake.

Ndiyo maana, juma moja baada ya sikukuu ya kuheshimu vifaa, maneno ya Vaidehi, mhandisi kijana, yalimchoma.

"Bibi, usinune. Chipu hii inageuza namba kuwa mawimbi. Kabla ya sikukuu ilitoa wimbi moja safi. Leo tazama." Kwenye kioo cha kipimo cha mawimbi, mstari mmoja mrefu ulisimama katikati ya vijistari vya uchafu, kama majani na miiba. "Nimebadilisha chanzo cha umeme, nimebadilisha kichujio. Imebaki lehemu. Bosi anasema kesho kibao apewe mtu mwingine ili akilehemu upya."

"Sema tu macho yangu yamezeeka."

"Mimi sijasema."

"Umefikiri kwa sauti."

Girijamma akavuta lenzi, akaukagua mguu mmoja mmoja wa chipu. Yote iling'aa. Angeweza kwenda kunywa kahawa yake kwa maringo. Lakini kitu gani kiliguswa siku ya sikukuu? Chipu ile hufuata mapigo ya saa ya umeme, nayo huja kwa waya mnene kutoka mtambo wa pembeni. Mapigo yakiyumba, wimbi huchafuka. Akaufuata waya hadi kwenye kiungio, akakifungua.

Ndani ya hesi, mifereji ya kukazia, mlikuwa na bizari ya manjano na unga mwekundu wa ibada.

Rojo lake mwenyewe. Kila mwaka ni yeye aliyefungua vifaa, akavifuta, akavipaka alama za baraka. Safari hii alikaza kiungio kwa vidole vilivyolowa rojo.

Vaidehi alikuwa ameinamia kioo. Kitambaa kilikuwa mkononi mwa Girijamma. Kufuta mara moja tu, na nani angejua?

"Vaidehi," akaita, "njoo uone upumbavu wangu."

Wakasafisha kwa spiriti, wakakaza. Miiba ikalala, mstari ukabaki peke yake.

"Kumbe lehemu haina neno," Vaidehi akacheka, "ila ibada imezidi!"

"Cheka, cheka. Lakini kwa bosi utasema yote mawili."

Kisha akatoa kikopo chake cha shaba chenye unga mwekundu, akakiweka kiganjani mwa msichana.

"Mwakani utapaka wewe. Paka makasha ya nje tu. Na kabla ya kupaka, pima mawimbi uandike. Ukimaliza, pima tena."