Kahawa Kabla ya Maneno

Mwalimu Rugaibula alizaliwa Kimwani, Muleba, kwa wakulima, lakini ukimuuliza mwenyewe atakuambia alizaliwa kwa ajili ya mpira wa kikapu. Alikuwa mfupi. Wanachuo walisema kocha wao huwaamuru wachezaji wakae chini kwanza ndipo awagombeze, naye hakukasirika kwa kuwa ilikuwa kweli.

Vita ya mwaka sabini na tisa ilipokwisha, kiwanja cha chuo chao cha ualimu, nje kidogo ya mji wa Bukoba, kilikuwa kimepasukapasuka kwa uzito wa malori ya jeshi. Rugaibula alikiziba kwa saruji ya kuombaomba, akasuka nyavu kwa katani. Baada ya miaka michache timu yake ikawa tishio katika mashindano ya vyuo.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Kizuri chajiuza, na wanunuzi walitoka Mwanza. Mashirika ya umma yalikuwa na timu zao, na yaliwapa vijana ajira za jina tu: karani wa ghala asiyejua mlango wa ghala uko upande gani, kazi yake kufunga vikapu. Kila mwaka Rugaibula alifundisha, na kila mwaka wakachukuliwa kabla ya kumaliza chuo. Akabaki na wa kujaza nafasi, wakifungwa hata na watoto wa sekondari. Hilo lilimuuma, akalimeza. La Datius ndilo lililomkwama kooni.

Datius, mmoja wa wachezaji wake, alikuwa amebakiza muhula mmoja apate cheti. Baba na mama yake walikufa mwaka mmoja kwa ule ugonjwa ambao Bukoba waliuita Juliana kabla haujajulikana kuwa Ukimwi. Walizikwa ndani ya migomba huko Kaagya, mbele ya nyumba ambamo bibi yake, Joviana, alibaki na wadogo zake watatu. Siku zile kaburi halijakauka, jingine linachimbwa. Rugaibula alikuwa amezika mpaka machozi yakamwishia. Alitaka kitu kimoja tu: kijana huyu awe mwalimu, apate kazi isiyotegemea magoti.

Asubuhi moja ya likizo akasikia kwamba Burhani, afisa michezo wa shirika moja la Mwanza, ameelekea Kaagya. Akapanda baiskeli, maneno ameyapanga njia nzima: goti likivunjika shirika halikujui, cheti hakivunjiki.

Alimkuta Burhani amekwisha kukaa, suti ya Kaunda imenyooka, na Datius amesimama mlangoni.

"Karibu, waitu mwalimu," alisema Bibi Joviana kwa heshima na bashasha. "Kaa kwanza, tafuna kahawa."

Akamsogezea kikapu kidogo cha kahawa kavu, kilekile alichompa Burhani. Rugaibula akatia punje mbili mdomoni. Ni nani katika nchi ile anayekataa kahawa ya mwenye nyumba?

Bibi akangoja ameze, kisha akasema, "Sasa mmekula kikapu kimoja. Katika nyumba hii, waliokula kikapu kimoja hawapingani mbele yangu. Mwanangu Burhani, sema lililokuleta."

Burhani akasema: mshahara kila mwezi, chumba cha kulala, na wadogo kulipiwa shule. Datius alimtazama mwalimu wake, akamtazama tena. Rugaibula alikuwa akitazama nyasi zilizotandikwa sakafuni. Hata mdomo wake ungefunguliwa, angeahidi nini? Nje watoto watatu walikuwa wanagombania ndizi moja ya kuchoma. Mkono mtupu haulambwi, na wake ulikuwa mtupu kabisa. Alijiona mnyonge kuliko alivyowahi kujiona mbele ya kaburi lolote.

Jumatatu Datius alipanda meli.

Alicheza Mwanza misimu miwili. Siku moja akaruka, akatua vibaya, goti la kulia likaenda. Shirika lilimtibu kidogo, kisha likamkatia tiketi ya kurudi. Akaja chuoni na fimbo, kuomba nafasi yake.

Rugaibula aliingia kwa mkuu wa chuo kumwombea, akatoka, akarudi tena. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alisema tu kwamba aliyeacha chuo nafasi yake hairudi, amri ni ya wizara, na yeye hana la kufanya.

Datius alikuwa amekaa ukingoni mwa kiwanja.

"Wamekataa," alisema Rugaibula.

"Nilijua, mwalimu." Kijana akalaza fimbo chini. "Siku ile nilikungoja useme. Ungesema neno moja, ningebaki."

"Nilikuwa nimekula kahawa ya bibi yako, Datius. Ningempinga vipi mgeni wake?"

"Nyumbani hatujawahi kuwa na mwiko huo. Babu alikuwa akibishana na wageni huku wanatafuna. Bibi aliutunga asubuhi ileile, aliposikia kengele ya baiskeli yako. Aliniambia mwenyewe kabla hajafa. Alisema angekuacha useme, ningekusikiliza wewe, na watoto wangelala njaa."

Rugaibula alijaribu kumkasirikia yule mama mzee. Hasira haikuja.

"Walikula?" akauliza.

"Walikula. Miaka miwili yote walikula." Datius alikuwa anawatazama vijana wakirusha mpira. "Sasa ndiyo sijui, mwalimu."

Rugaibula akakaa chini kando yake.