Mama Yake Nduma Alivyoniziba Mdomo Ruiru

Mwanangu, keti nikwambie, na usiniulize nina miaka mingapi. Ndevu zangu ni chache lakini makofi ya dunia nimekula. Nakumbuka Jumapili moja tulitoka mtaa wetu wa Kiandutu kikundi kizima, tukaenda Ruiru kuona filamu ya maisha ya Nduma, rapa wetu wa Thika, Mungu amlaze pema. Hilo jina alijipa juu mamake alikuwa akiuza nduma, yale magimbi ya kuchemsha, sokoni. Ilionyeshwa kwa hall ya kanisa, shuka nyeupe imetundikwa ukutani.

Mimi nyimbo zake zote nilikuwa nazo kichwani, na hakuna mtu angemsema vibaya mbele yangu alale na meno yote.

Kumbe filamu imejaa makosa! Nduma wa filamu ni mrefu, anaongea Kiswahili ya taarifa ya habari. Nikasimama. "Huyo si yeye! Nduma alikuwa mfupi!"

"Keti, wakili wa marehemu!" watu wa Ruiru wakanicheka.

Mwenye projekta akaonya, "Kelele moja tena nazima, kila mtu aende kwao."

Hasira hasara, mwanangu. Hapo hapo akatokea mama yake Nduma wa filamu: msichana mwembamba kama njiti ya kiberiti, na lipstick juu. Nikashindwa kuvumilia. Nikapanda juu ya kiti. "Uongo! Mama yake Nduma ni mnene! Mlangoni anaingia kiubavu!"

Picha ikazimwa. Kisha sauti ikatoka kiti cha mbele: "Nani huyo ananiita mnene?"

Wooi! Hall yote ikalipuka kicheko. Mimi natafuta mlango.

"Kuja hapa, kamwana."

Nikaenda. Akatoa kipande cha nduma kwa mkoba, baridi, ya jana, akanipa. "Kula. Na huyo msichana mwembamba mwache. Huu mwili nimeubeba miaka mingi, leo amenipunguzia."

Halafu akamgeukia mwenye projekta. "Kijana, washa tafadhali. Kamau wangu, huyo mnamwita Nduma, akienda kuimba nilikuwa nakataa kumfuata, nasema ni uhuni. Sijawahi muona kwa stage. Wameniambia hapo mwisho anaimba."

Hata Ruiru ikaacha kucheka. Picha ikarudi. Na nduma bila chai, mwanangu, ni simiti. Hata ningetaka kuongea singeweza. Yule mrefu akapanda stage, akaimba vibaya, maneno anaruka. Mimi natafuna tu. Mama akasimama peke yake, akapiga makofi hadi mkoba ukaanguka. "Kamau! Kamau wangu!"

Basi shika hii. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Kutetea mtu wako ni vizuri, mimi mpaka leo natetea, jaribu uone. Lakini kabla hujapanda kiti, angalia nani ameketi mbele. Pengine alimpenda kabla yako, na amekuja tu kumuona.

Mungu akupe sauti kubwa na akili ya kuimeza. Na mama yako akupigie makofi ukiwa bado unasikia.