Mafuta ya Nywele Juu ya Prosesa

Hii haya yangu nitawaelezea mi mwenyewe, juu nikinyamaza mutaisikia ku robine ya Kashebere, pale tunachotaka maji, na kule wanaongezaka chumvi mpaka mutu hajijue tena.

Munajua niko na salon ya nywele pembeni ya barabara, na nyuma ya pazia niko na ordinatere, kompyuta ya michezo, vijana wanakuja kucheza mpira mu ekra, ile kioo ya mashine. Ile mashine alinikusanyia kaka yangu Dieudonné, njo kazi yake kule Goma, na ilienda muzuri mpaka mchezo mupya ulipotoka, basi wachezaji wakaanza kuvuta miguu kama watu wako mu matope, na wamotari wa kule Mpofi (wale wa kubeba watu na pikipiki, wanapenda kucheka wenzao!) wakaniambia, «Da Solange, kwako mpira unachezewa mu usingizi.» Iliniuma. Kaka akanitumia prosesa mupya, ile njo akili ya mashine, na kartimere mupya, ule ubao mukubwa wenye prosesa inakaa juu yake, pamoja na kasindano ka plastike kenye dawa ya kijivu ya kupakaa katikati ya prosesa na chuma ya vantilatere, ile feni ya kuipoza. Akanitumia na video za kufuata.

Sasa, mi niko mutu wa kutaka kujua, na hiyo njo ugonjwa yangu. Kartimere niliifunga vise kwa vise, skrubu moja moja, prosesa ikajilalia mu nafasi yake polepole, nikajisikia mukubwa. Lakini ile dawa ya kijivu ni ya nini? Juu ya nini vyuma viwili vyenye vinagusana vipakaliwe kitu katikati kama mutu anajipakaa krème? Nikakamua kidogo ku kidole. Baridi. Nikanusa, haina harufu. Nikapakaa ku mukono, ikashika kama masizi ya sufuria. Nikakamua tena juu ya kioo nione kama itakauka (haikauke), na tena kidogo nione kama iko na maji ndani, na wakati niliamuka mu hiyo mawazo, kasindano kalikuwa kanatoa hewa tu.

Nikapigia kaka simu. Rezo hakuna. Na ilikuwa samedi, Jumamosi, wamotari wa Mpofi walishafika kucheza na wa kwetu, grupu, mashine ya umeme, inanguruma inje, kila mutu anauliza, «Da, inawaka ao haiwake?» Macho yangu ikaangukia kopo ya mafuta ya nywele, ile ya nazi. Laini. Ya kupakaa. Nikajiuliza, kwa moyo safi kabisa, tofauti iko wapi? Nikachota kwa kidole, nikapakaa, nikafunga vantilatere juu.

Ikawaka! Mungu wangu, wachezaji walikuwa wanakimbia, jasho inaonekana ku shingo yao, watu wa Mpofi wakaacha kucheka. Nikarudia kazi yangu na kichwa juu.

Mu kiti alikuwa Mama Zawadi, shangazi wa bibi-arusi wa siku hiyo, mwenye angetangulia mbele ya familia yao yote. Nikamupakaa dawa ya kunyoosha nywele, na mwenye anaijua anajua: hiyo dawa ikipitisha wakati inachoma kichwa, lazima maji ikuwe karibu. Yangu ilikuwa karibu, nilishamwaga bidon zote, yale madumu ya maji, mu beseni.

Nikasikia Bonane, mumotari mumoja, anaita nyuma ya pazia, «Da Solange, mashine yako inanuka kama mutu amejipakaa mafuta anaenda ku misa!»

Mama Zawadi akashika kiti. «Ni kichwa yangu njo inaungua?»

«Hapana Mama, ni...» Sikumaliza. Ekra ikawa nyeusi, kamvuke keupe kakatoka mu mashine, na Bonane akapiga kelele, «Moto!»

Nikabeba beseni nzima, nikaimwaga.

Tshaa! Cheche moja ya bluu, harufu mbaya. Na nyuma yangu nikasikia sauti ya polepole ya Mama Zawadi: «Solange mwanangu, maji ya kichwa yangu iko wapi?»

«Mama... nimeimwaga ku ordinatere.»

«Ku nini? Solange, inaanza kuniwaka!»

Tukatoka mbio kwenda ku robine, Mama Zawadi na liputa, kitenge yake ya harusi, kichwa nyeupe ya dawa, mi nyuma na taulo, na Bonane, kwa roho yake muzuri, akatupita akilia «Moto! Moto kwa Solange!» Basi watu wote wa robine wakabeba bidon zao wakakimbilia salon. Nikalia, «Hapana, haiko moto, ni kichwa!» Nani angenisikia? Robine ikabakia yetu wawili. Nikamuinamisha Mama mu maji mbele ya kwaya ya harusi yenye ilikuwa inapita, na ile kwaya ikaacha kuimba.

Tuliporudi, salon ilikuwa ziwa. Bonane amesimama katikati, maji mpaka ku vifundo, anacheka. «Da, tumeizima!»

Kaka nilimupata rezo iliporudi. Nikamuelezea yote. «Mafuta ya nini?» «Ya nazi.» Akanieleza kama prosesa ikipata joto ya kupita, mashine inajizimaka yenyewe juu ya kujikinga. Moto haikukuwa. Ningeiacha ipoe na nipanguse, yote ingekuwa nzima. Prosesa ilipona. Kartimere ilikufa na maji yangu.

Mama Zawadi nywele za karibu na sikio zilikatika, akaenda ku harusi na kitambaa, na kule mezani, penye na mi nilialikwa, hakunitazama hata kidogo. Nililia siku hiyo, sitawaficha. Kisha asubuhi moja nikamuona mu mulango. Hakuwa amekuja kusuka.

«Nionyeshe kile kitu.»

Nikamuwekea prosesa mu kiganja. Akaigeuza, akaangalia chini kwenye vidoti vya dhahabu. «Ka kadogo hivi njo kalitukimbiza?»

«Ni mafuta njo ilitukimbiza, Mama.»

Akafikiri. «Na ile mafuta, iliyeyuka kweli?»

Sikuiona, vantilatere iliifunika. Basi tukaweka mafuta kidogo mu kijiko juu ya mbabula, ile jiko ya makaa, tukainama wote wawili, na ikawa maji mbele hatujapumua muzuri. «Eeeh,» akasema, na akakaa mu kiti, akafungua kitambaa.

Kuuliza sitaacha. Lakini nimeapa: kitu sijakijua, nitauliza mbele ya kupakaa, na maji ya kusuuza kichwa ya mutu haitatoka tena mu beseni yangu, hata ordinatere iwake moto kweli.