Wifi Mizani na Safari ya Saa Kumi na Tatu

Ukoo wa marehemu mume wangu umetoa walimu wakuu wawili na hakimu mmoja, na picha zao zimepangwa ukutani sebuleni. Ya wifi yangu haikuwapo, nami nimeagiza fremu yake. Watu humwita Mizani, maana kwa miaka kumi na tisa amepima mizigo ya abiria uwanja wa ndege. Akikuona tu unaburuta sanduku, atakwambia umezidisha kilo ngapi. Wapo waliouliza kwa nini dada wa hakimu anabeba masanduku. Niliwajibu kwamba anapima, habebi, na kwamba jasho lake halijawahi kutuaibisha.

Mwaka jana mamamkwe alitaka kwenda kumwona mdogo wake, ambaye hawakuwa wameonana naye kwa miaka thelathini na mmoja. Miguu ya mama huvimba akikaa sana, kwa hiyo daktari alimruhusu safari isiyozidi saa kumi hewani. Tiketi ilipofika, shemeji yangu hakimu aliivalia miwani. Kuondoka saa tatu asubuhi, kufika saa nne usiku. Akatoa, akapata saa kumi na tatu, akakata shauri: mama haendi. Mama akaanza kuzitoa nguo sandukuni, moja moja.

Mizani alitukuta katika hali hiyo, akiwa bado na sare ya kazi. Alipoelezwa, akaichukua tiketi na kuigeuza upande wa kurudi.

"Kaka, nisomee na hapa."

Shemeji akasoma: kuondoka huko saa tatu asubuhi, kufika kwetu saa sita mchana, siku hiyo hiyo.

"Basi kwenda saa kumi na tatu, kurudi saa tatu, na ndege ni ile ile. Kwani kurudi ni mteremko?"

Wa kwanza kucheka alikuwa mama. Shemeji akasema huenda waliochapa wamekosea. Mizani akamweleza kwamba tiketi hufuata saa ya kila uwanja, na huko aendako mama jua hutangulia letu kwa saa tano. Ajumlishe kumi na tatu na tatu, agawe kwa mbili. Nane. Kisha, kwa kuwa hakimu hatosheki na shahidi mmoja, akamtajia umbali: kilomita elfu sita na mia nane, na ndege ile hukata mia nane na hamsini kwa saa. Shemeji akapiga hesabu pembeni mwa gazeti. Nane tena.

"Mdogo wangu," akasema, "rufaa yako imekubaliwa."

Daktari naye aliridhia, mradi mama awe anainuka na kutembeatembea. Siku ya safari Mizani mwenyewe alipima sanduku lake, akalipunguza kilo mbili, maana akiwa kazini hana mama wala shangazi.

Jioni ile, kabla ya saa kumi na mbili, simu ililia. Shemeji aliipokea, akaongeza sauti ili tusikie sote. Kwao ulikuwa usiku. Mama alisema ametembea ndani ya ndege mpaka wahudumu wakamzoea, na viatu amevivua bila kusaidiwa. Ikadakia sauti nyingine, yenye kicheko kile kile cha mama, ikataka kujua ni nani aliyepiga hesabu za safari.

Mizani alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini. Shemeji akasimama, akampa simu kwa mikono miwili.