Bustani Niliyowapimia Mbwa

Mume wangu alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja pale Uvira. Uhuru ulipokuja, yule bwana alivuka kwenda Usumbura, ng'ambo ya ziwa, akatuachia mbwa wake wawili, wakubwa, wasioelewa neno ila la Kifaransa. Tukawaleta nyumbani Kilibula, na majirani wakatuona tumeanza kujipandisha. Kisha uasi ukaingia. Mume wangu alikwenda Kamanyola kutafuta kazi, na barabara ikafungwa nyuma yake. Nikabaki na mbwa. Hatukujaliwa watoto, na kwa ajili ya mbwa hao hakuna mwanamke aliyekuja tena kuniomba moto wala chumvi.

Upweke ni kitu kibaya, nasema wazi. Nilifika mahali pa kugombana na mbwa kwa Kifaransa changu cha kuokoteza. Ndipo nikaamua kupanda maua nyuma ya nyumba. Mume wangu alikuwa amemwagilia maua ya watu miaka na miaka. Nilitaka akirudi akute yake.

Kwetu uwanja unafagiwa hadi udongo ung'ae. Maua ni ya misheni na ya makaburini. Sikujali, shida yangu ilikuwa mbwa. Kando ya ua walikuwa na njia yao ya kuwafukuzia wapita njia. Huko nisingepanda kitu. Chini ya mpapai yule mbwa dume alilala mchana kutwa, nikamwachia. Palibaki katikati. Nikatengeneza tuta refu, jembamba, ili nilifikie kutoka pande zote. Nikaliinua usawa wa goti wasilikojolee, nikalizungushia mawe ya ziwani wasilifukue, na upande mmoja nikachomeka kijiti cha kuonyesha pa kuanzia kupanda. Nililala nimeridhika na akili yangu.

Asubuhi nilisikia vilio. Wanawake wa mtaa walikuwa wanaingia uwanjani, mikeka kwapani, kuni kichwani. Mbwa walipigwa na butwaa hata wasibweke. Mama jirani, ambaye hakuwa amenisalimia tangu vita vianze, alinikumbatia.

"Dada, juu ya nini ulituficha? Na weye unazika bwana peke yako, kama vile hauna watu?"

"Bwana yangu iko muzima!" nikafoka. "Minye sina kilio. Ile si kaburi, ni maua."

"Maua? Na mawe yote ile?"

"Ni juu ya imbwa."

Wakatazamana. Mmoja akaangua kicheko, wengine wakanuna. Lakini hasira zangu zilizidi za wote: wananizikia mume aliye hai! Mama jirani peke yake ndiye aliyeuliza kwa upole:

"Basi, kama iko muzima, iko wapi?"

Nikawaambia waende kwao. Walikunja mikeka wakatoka. Kuni waliziacha, maana kuni za kilio hakuna anayezirudisha nyumbani kwake.

Maua yalichanua. Mume wangu hakurudi, wala habari yake haikufika, si ya uzima si ya kifo. Na kwetu, pasipo habari hapawi na matanga. Hakuna siku ambayo watu wangejua kwamba ndiyo ya kuja. Kilio chake kilikuwa kile cha asubuhi ile tu, na mimi mkewe sikutoa hata chozi.