Utafiti wa Profesa na Sifa za Mwenyekiti

Nyumbani walimwita Profesa, na hakuwa hata na shahada ya kwanza. Jina hilo alibandikwa na shangazi yake siku alipopata nafasi ya chuo kusoma sayansi ya siasa, na shangazi akishakubandika jina, basi tena, limekuganda. Shangazi ndiye aliyemlea tangu yuko shule ya msingi, ndiye mwenyekiti wa mtaa, na kwa kuongea, jamani, hana mpinzani. Akianza salamu unaweza kuinjika maji yakachemka, ukarudi ukamkuta bado anauliza habari za watoto.

Mwaka wa mwisho Profesa alitakiwa kufanya utafiti wake mwenyewe. Wenzake walikimbilia mambo makubwa makubwa, mara mikataba ya mataifa, mara mabunge ya nchi za mbali. Yeye akachagua swali lililokuwa mlangoni kwake: kwa nini watu hawaendi kwenye mikutano ya mtaa? Alikuwa anaona kwa macho yake. Shangazi anaitisha mkutano kwenye ua wa shule, madawati yanatolewa nje, na wanaokuja ni wale wale, nusu yao wanasinzia. Msimamizi wake wa utafiti, mwalimu mwembamba asiyecheka ovyo, aliipenda mada hiyo akamwambia aandae hojaji, aingie mtaani.

Maswali yalikuwa mazuri. Shida ikawa milango. Nyumba ya kwanza walidhani anauza sabuni. Ya pili walidhani amekuja kukata umeme, wakanyamaza huko ndani kama watu waliohama. Akarudi nyumbani amenuna. Shangazi kusikia hivyo, akajitupia mtandio begani, akasema kesho wanakwenda wote wawili, aone kama kuna mlango utakaobaki umefungwa.

Na kweli haukubaki hata mmoja. Viti vilitolewa, vikafutwa vumbi, na shangazi akawa anakaa ubavuni mwa Profesa, mikono mapajani, anatabasamu. Je, huwa unahudhuria mikutano ya mtaa? Kila mara. Unapata nafasi ya kutoa maoni? Tena tele. Mwenyekiti anawasikiliza? Hapo ndipo watu walipomwaga sifa mpaka zikafurika. Fundi viatu wa pale kona, ambaye Profesa hakumwona mkutanoni hata siku moja, aliapa kwamba hajawahi kukosa. Profesa akayaandika yote, huku moyo unamdunda kwa furaha ya kazi kwenda vizuri. Njiani shangazi alimshika mkono akamwambia hakujua kama watu wanampenda kiasi kile.

Msimamizi aliposoma majibu alivua miwani. Akauliza jambo moja tu, wakati anahoji, nani mwingine alikuwepo? Profesa akajibu bila wasiwasi kwamba alikuwepo mwenyekiti. Halafu akakisikia alichokisema, na uso ukamshuka. Mwalimu yule asiyecheka ovyo alicheka mpaka akakohoa. Hakumkaripia. Alimwambia majibu hayo hayafai hata kufungia karanga, akayachukue upya, na safari hii aende peke yake.

Kurudia nyumba zile ilikuwa shida ya miguu tu, na miguu hupumzika. Lakini atamwambiaje shangazi kwamba sifa zote zile zilikuwa kilemba cha ukoka? Mtu aliyemlea, aliyerudi nyumbani siku ile akiimba jikoni? Profesa alifikiria hata kubadili mada, achukue mabunge ya mbali kama wenzake. Mwishowe akamwambia chuo kinataka aende peke yake, na hilo lilikuwa kweli. Sababu akaimeza, na huo ulikuwa woga.

Safari hii, kwa kuwa sura yake ilishazoeleka, milango ilifunguka, na watu wakatoa ya moyoni. Fundi viatu alicheka sana, akaomba radhi kwa kiapo chake cha mwanzo, akaweka chini kiatu alichokuwa anashona.

"Dada, tunakwenda kufanya nini? Mama mwenyekiti anauliza swali, analijibu mwenyewe, kisha anatushukuru kwa maoni yetu."

Profesa alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu akakumbuka anayechekwa ni nani. Na nyumba baada ya nyumba wimbo ulikuwa huo huo. Hawamchukii mwenyekiti, ni mtu mwema, anahangaika na watu. Ila mkutanoni hapenyeki.

Akaandika. Aliandika vizuri, nasema hivyo bila kumpendelea, na kosa lake la mwanzo akaliweka humo humo waziwazi, lisomwe na kila mtu. Angeweza kumficha shangazi, kwani nani anasoma kazi za wanafunzi? Lakini kwenye ukurasa wa shukrani alikuwa amemtaja wa kwanza, na ukimshukuru mtu kwa kazi usiyotaka aione, unamshukuru nini? Kabla ya kuipeleka chuoni, aliiweka kazi yote juu ya meza ya jikoni, akamwomba aisome.

Shangazi alisoma mchana kutwa.  Wakati wa kula aliomba chumvi tu, na nyumba ile haijawahi kuwa kimya namna hiyo tangu ijengwe.  Profesa alitamani azichane karatasi zote, shangazi aanze kuongea tena, hata kama ni kumgombeza.

Asubuhi shangazi aliingia chumbani kwake, akakaa kitandani, akajiweka sawa kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Umeuliza mtaa mzima," akasema. "Mimi hujaniuliza."

Profesa akatafuta kalamu. Akamuuliza, kwa heshima zote, kwa nini huwa anajijibu.

"Nikiuliza wakanyamaza, naona kama wamenikataa. Basi naongea haraka haraka, nisiyasikie maumivu."

Kalamu ikamshinda Profesa. Alimkumbatia, akamwomba msamaha kwa kumficha. Shangazi akamwambia hana kosa, ila angemwambia mapema asingezunguka mtaa mzima kifua mbele kama bwana harusi. Wakacheka, wakafutana machozi. Maneno yale, kwa ruhusa ya mwenyewe, yakaingia kwenye utafiti, na msimamizi akayapigia mstari akaandika pembeni: hapa sasa umefanya kazi.

Mkutano uliofuata, shangazi alisimama uani akauliza swali moja, la mifereji iliyoziba. Kisha akakaa. Kimya. Watu wakatazamana. Profesa, aliyekaa nyuma, alimwona shangazi ameshika dawati kwa mikono miwili, midomo ameibana, na alitamani anyooshe mkono yeye amwokoe. Akajizuia. Mwishowe fundi viatu, ambaye Profesa alimwalika mwenyewe, akauliza kwa upole kama mama mwenyekiti anaumwa. Ua mzima ukaangua kicheko, naye shangazi akacheka kuliko wote. Baada ya hapo mshonaji nguo mmoja aliyekaa mbele akasema kuhusu mfereji wa nyuma ya duka, mwingine akambishia, na mkutano ukawaka.

Wakirudi nyumbani shangazi alilalamika kwamba ulimi unamuuma kwa kuung'ata. Kisha akapunguza mwendo.

"Yule mshonaji nguo anayekaa mbele," akasema, "anakuja kila mkutano tangu nipewe uenyekiti. Leo ndiyo mara ya kwanza naisikia sauti yake."