Alaso na Folda ya Vifaranga

Mwaka 1997 nilikuwa na ofisi ya kuchapa hapa Malaba, kompyuta moja tu. Waombaji wengine wa kazi walileta vyeti. Alaso, mwanamke wa Angurai aliyepiga taipu miaka kumi na miwili, alileta barua moja isiyo na kosa. Nikamchukua yeye. Cheti hakichapi.

Jumatano moja Egwang, wakala wa forodha, aliingia akihema. Lori lake la vifaranga wa siku moja, waliokuwa wakienda Tororo, lilikuwa limezuiwa mpakani, juani. Orodha ya mzigo tuliyomchapia ilisema maboksi arobaini, ofisa akahesabu arobaini na manne. Orodha isingerekebishwa kabla ofisa hajaenda kula saa saba, vifaranga wangefia garini.

Alaso akafungua programu ya orodha, ile ya kizamani. Katika kidirisha cha kufungua faili akachagua jina la Egwang. Skrini ikajaa vijisanduku na herufi zisizosomeka.

"Hiyo ni virusi, mama," Egwang akasema. "Umenimaliza."

"Vifaranga ndio wataisha, boss. Wewe kaa."

Nikashika simu nimwite fundi.

"Weka hiyo simu," Alaso akaniambia. "Ni yeye alihamisha hizi vitu."

Kweli. Wiki iliyotangulia fundi alizika folda za mawakala ndani kabisa, na mahali zilipokuwa zamani akaacha njia za mkato zenye majina yao, kama vibao vya kuonyesha njia.

Programu ikauliza kama ahifadhi. Akakataa. Kisha akafungua programu mpya ya barua, akabonyeza jina lilelile, na mara akatua ndani ya folda ya Egwang. Orodha ilikuwepo, nzima, ila programu ya barua haikuweza kuifungua.

"Faili iko," akasema. "Hii mpya inafuata kibao mpaka nyumbani. Ile mzee inasimama kwa barabara inasoma kibao."

"Sasa?" Egwang akauliza.

"Sasa hii mzee ni kama ofisa mgeni. Njia za panya hajui. Tutampitisha getini."

Akarudi kwenye programu ya kizamani, akaanzia mwanzo wa diski, akashuka folda moja baada ya nyingine. Majina yalikuwa yamekatwakatwa, maana programu ile haikuonyesha zaidi ya herufi nane, akawa anayasoma kwa sauti ya chini. Ya tano ilikuwa yenyewe. Akafuta arobaini, akaweka arobaini na nne, akachapa.

Egwang aliondoka na karatasi bila asante, saa saba kasoro dakika kumi. Baadaye dereva, Wekesa, alituambia walivuka, na waliokufa walikuwa sita tu.

Mchana huo Alaso hakwenda kula. Alizitoa folda zote kule zilikozikwa, akazipanga hatua moja kutoka mwanzo wa diski, majina yasiyozidi herufi nane. Fundi alipokuja Ijumaa akauliza nani kaharibu mpango wake.

"Ni mimi," Alaso akasema, akiendelea kuchapa. "Ukipanga tena, uliza kwanza ile programu mzee kama inaelewa."